Uzi: Bondi ya ioni si kuhama kwa elektroni. Tuanze na chumvi ya jikoni

Mwl_Maabara

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikisahihisha majibu ya kidato cha pili kwenye mada ya bondi, yaani kile kinachozishikanisha atomu. Swali lilikuwa jepesi: eleza jinsi bondi ya ioni inavyoundwa kati ya sodiamu na klorini. Karibu kila karatasi ina maneno yaleyale. Sodiamu inatoa elektroni moja, klorini inaipokea, zote zinapata elektroni nane kwenye ganda la nje, kazi imeisha. Ukimuuliza mwanafunzi, "Haya, bondi yenyewe iko wapi hapo?", anakuonyesha mshale aliouchora kutoka sodiamu kwenda klorini.

Mshale ule si bondi. Na hapa ndipo wengi wanapotelea, hadi wanafika kidato cha sita wakikariri sifa za kampaundi za ioni moja baada ya nyingine bila kuona zinatoka wapi. Nimeona tulizungumze kwa Kiswahili, taratibu, kila mtu aulize.

Sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11, zimepangwa 2, 8, 1. Klorini ina 17 na 17, mpangilio 2, 8, 7. Elektroni moja ya nje ya sodiamu ikiondoka, protoni zinabaki 11 na elektroni 10. Chaji hazilingani tena, kwa hiyo tunapata ioni chanya, Na⁺. Klorini ikipokea elektroni, inakuwa na protoni 17 na elektroni 18, yaani Cl⁻, tunayoiita kloridi. Angalieni kwamba kiini hakikuguswa. Na⁺ ina idadi ya elektroni sawa na neoni, lakini si neoni, maana protoni ndizo zinazoamua elementi ni ipi.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vingi hulipita haraka: ukubwa. Nusu kipenyo cha atomu ya sodiamu kwenye metali yake ni pikomita 186 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Ikishakuwa Na⁺ inasinyaa hadi kama 102, kwa sababu ganda lote la tatu limeondoka. Klorini kinyume chake, inatoka 99 na kuvimba hadi 181. Wanafunzi wengi huchora Na⁺ kubwa na Cl⁻ ndogo. Kwenye chumvi halisi kloridi ndiyo jitu.

Sasa bondi. Ioni chanya na ioni hasi zinavutana kwa nguvu ya umeme. Basi. Mvutano huo ndio bondi ya ioni. Nao hauna uelekeo mmoja, hauchagui mwenza. Na⁺ haijui ni kloridi ipi iliyopokea elektroni yake. Inavuta kloridi yoyote iliyo karibu, kutoka pande zote, na kila kloridi nayo inavuta sodiamu zote zinazoizunguka. Mwisho wake si jozi ya Na na Cl, ni fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia.

Mwaka 1913 William Lawrence Bragg, kijana wa miaka 23, pamoja na baba yake William Henry Bragg, walitumia eksirei kuchunguza mpangilio wa ndani ya fuwele. Chumvi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa. Walikuta kila sodiamu imezungukwa na kloridi sita: juu, chini, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Kila kloridi nayo imezungukwa na sodiamu sita. Kutoka kiini cha sodiamu hadi cha kloridi jirani ni pikomita 282, na kloridi zote sita ziko umbali uleule. Hakuna moja iliyo "yake" zaidi ya nyingine. Miaka miwili baadaye baba na mwana wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja.

Kwa hiyo NaCl si jina la kitu kimoja kidogo chenye atomu mbili. Ni uwiano: kwa kila sodiamu moja, kloridi moja. Chukua chembe ya chumvi ya mezani uitazame kwa lenzi ya kukuzia. Utaona mchemraba, na umbo hilo linatokana na mpangilio huo wa ndani.

Karibuni.

Mzee_wa_Jedwali

Mwalimu umegusa penyewe. Ila tusiwalaumu sana vijana, maana jambo hili liliwashinda hata magwiji. Mwaka 1927 Henry Armstrong, mkemia mashuhuri wa Uingereza aliyekuwa anakaribia miaka 80, aliliandikia barua jarida la Nature akiitetea chumvi. Kazi ya kina Bragg ilikuwa na zaidi ya miaka kumi, tuzo ilishatolewa, lakini yeye alikataa katakata kwamba hakuna molekuli ya NaCl. Mpangilio ule wa kupishana kama ubao wa sataranji aliuona ni upuuzi. Mtu aliyekuwa amefundisha kemia maisha yake yote.

Picha ya atomu mbili zilizoshikana mikono ni tamu sana kichwani. Kuitoa ni kazi.

binti_kidato3

Shikamoo mwalimu. Mimi nilifundishwa kwamba atomu zinataka kuwa na elektroni nane ili zitulie, ndiyo maana sodiamu inatoa yake. Ina maana si kweli?

Mwl_Maabara

Marahaba binti, swali zuri kuliko uzi wenyewe.

Kanuni ya nane inakusaidia kukisia ioni ipi itatokea. Haielezi kwa nini. Atomu haitaki kitu. Kinachoamua ni nishati: jumla yake ikishuka, mmenyuko unaweza kwenda, ikipanda, kuna kazi. Tupige hesabu ya moli moja ya chumvi (moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabia atomu kwa wingi), tukianza na sodiamu ngumu na gesi ya klorini. Walioweka utaratibu wa hesabu hii ni Max Born na Fritz Haber, mwaka 1919.

Kuigeuza sodiamu ngumu kuwa atomu huru za mvuke kunakula kilojuli 107. Kuvunja bondi za Cl–Cl ili tupate moli moja ya atomu za klorini ni 121. Kung'oa elektroni kutoka kwenye sodiamu ni 496. Soma hiyo tena: kung'oa. Sodiamu haitoi elektroni yake bure, inanyang'anywa kwa gharama. Jumla ya matumizi mpaka hapo ni 724.

Klorini ikipokea elektroni, inarudisha 349. Tunabaki na upungufu wa kilojuli 375. Kama mambo yangeishia kwenye kuhama kwa elektroni, chumvi isingekuwepo duniani. Hata ukiacha hatua mbili za mwanzo, ukachukua elektroni tu kutoka atomu ya sodiamu na kuipa atomu ya klorini iliyo mbali, unatumia 496 na kupata 349. Hasara ya 147.

Anayelipa ni fuwele. Ioni zikikusanyika na kujipanga, kila moja ikizungukwa na zenye chaji tofauti, inatoka nishati ya kilojuli 787 kwa moli. Toa 375, inabaki faida ya 412. Vipimo vya maabara vinatoa 411. Ndiyo maana sodiamu ikiingizwa kwenye klorini inawaka kwa mwali wa njano na joto kali.

Umeona sasa kwa nini nasema mshale si bondi? Hatua ya mshale ni ya gharama. Hatua ya mvutano ndiyo inayolipa.

binti_kidato3

Nimeelewa mwalimu. Lakini kama fuwele inalipa, kwa nini sodiamu isitoe elektroni mbili ikawa Na²⁺? Si mvutano ungekuwa mkubwa zaidi?

Mwl_Maabara

Mvutano ungekuwa mkubwa kweli. Ila elektroni ya pili ya sodiamu iko kwenye ganda la ndani, karibu na kiini, na kuing'oa kunahitaji kilojuli 4562. Linganisha na 496 ya kwanza. Hakuna fuwele ya kloridi itakayolipa deni hilo.

Magnesiamu ni tofauti. Elektroni ya kwanza 738, ya pili 1451, zote ziko ganda la nje. Ya tatu inaruka hadi 7733. Kwa hiyo magnesiamu inaishia Mg²⁺. Namba hizi ndizo zinazozaa "kanuni ya nane" kwa sodiamu na magnesiamu. Nane ni matokeo ya hesabu.

Ukitaka ushahidi kwamba atomu haina hamu ya nane, tazama oksijeni. Elektroni ya kwanza ikiingia inatoa kilojuli 141. Ya pili ikitaka kuingia inakuta tayari kuna chaji hasi, inasukumwa, na kuilazimisha kunagharimu zaidi ya kilojuli 700. Ioni O²⁻ ikiwa peke yake hewani haiwezi kudumu, ingawa ina elektroni nane kamili nje! Inadumu ndani ya fuwele tu, pale ambapo Mg²⁺ sita zimeizunguka. Nishati ya fuwele ya MgO, oksidi ya magnesiamu, ni kama kilojuli 3800 kwa moli.

Halafu kuna chuma. Fe²⁺ na Fe³⁺ hazina mpangilio wa neoni wala agoni, na zinaunda kampaundi za ioni kila siku. Shaba, zinki, hivyo hivyo.

mama_wawili

Habari mwalimu. Mimi si mtu wa sayansi, niko hapa kwa ajili ya mwanangu wa kidato cha pili. Daftari lake lina orodha ya sifa: kiwango cha kuyeyuka kikubwa, ngumu lakini hupasuka, haipitishi umeme ikiwa ngumu, hupitisha ikiyeyushwa. Anazikariri usiku na asubuhi zimechanganyika. Nimsaidieje?

Mwl_Maabara

Mama, mwambie afunge daftari achore kwanza. Karatasi ya miraba, aweke alama ya + na − zikipishana hadi ajaze ukurasa. Kisha muulize maswali ukitumia mchoro huo.

Ili kuyeyusha hiki kitu, utafanyaje? Atajibu: nizitenganishe. Kila moja imeshikwa pande zote, kwa hiyo inahitajika joto kubwa. Chumvi inayeyuka nyuzi 801 za Selsiasi. Jiko la mkaa halitoshi kuiyeyusha sufuriani. Kwenye MgO chaji ni mbili kwa mbili, mvutano unakuwa mara nne kwa chaji peke yake, na ioni ziko karibu zaidi, pikomita 210. Inayeyuka karibu nyuzi 2850. Ndiyo maana matofali ya magnesia, yaani ya MgO hiyohiyo, hutumika kujengea ndani ya matanuri ya saruji na ya chuma.

Kupasuka: mwambie akate karatasi katikati na kusogeza nusu moja kwa mraba mmoja. Ghafla + inatazamana na +, na − inatazamana na −. Zinasukumana, fuwele inagawanyika pale pale, na mpasuko unakuwa bapa. Metali ukiigonga inajikunja. Chumvi ya mawe ukiigonga inavunjika.

Umeme akaushike kwa swali moja: nini kinachotembea? Ndani ya fuwele ngumu ioni zimebanwa mahali pake, na elektroni nazo zimeshikwa na ioni zake. Hakuna kinachosafiri. Yeyusha, au weka majini, ioni zinatembea, umeme unapita. Akiweza kueleza hayo kutoka kwenye mchoro wake, hana haja ya kukariri hata mstari mmoja.

fundi_umeme_DSM

Hapo kwenye umeme kuna jaribio la nyumbani ambalo nimewafanyia watoto wa mtaani kwetu na linawakaa. Betri ya volti 9, taa ndogo ya LED na kizuizi chake, penseli mbili zilizochongwa ncha zote. Waya kwenye ncha za juu, ncha za chini kwenye kikombe. Anza na chumvi kavu: kimya. Sukari kavu: kimya. Maji yenye sukari: LED hubaki gizani, au huonyesha mwanga hafifu sana kwa sababu ya madini ya maji ya bomba. Maji yenye chumvi: inawaka vizuri. Watoto wanaona wenyewe kwamba sukari imeyeyuka vizuri tu lakini haina ioni.

Mwl_Maabara

Asante fundi. Niongeze tahadhari: mfanye mahali penye hewa, kwa dakika chache tu. Mkisikia harufu kama ya dawa ya kung'arishia nguo, hiyo ni klorini inatoka kwenye penseli moja, na ni sumu. Upande wa pili viputo vinavyotoka ni haidrojeni.

Shuleni tunalo lile la kuyeyusha bromidi ya risasi. Linayeyuka nyuzi 373, ndiyo maana walimu walilipenda, maana chumvi ya 801 huwezi kwa kichomeo cha kawaida. Lakini bromini na risasi si vitu vya kuchezea. Bila kabati la kuvuta hewa chafu, msilifanye.

Mtu wa kwanza kutumia njia hii kuitoa sodiamu yenyewe alikuwa Humphry Davy mwaka 1807. Alipitisha umeme kwenye soda kali iliyoyeyushwa na kuilazimisha Na⁺ irudishiwe elektroni yake. Na mwaka 1884 Svante Arrhenius wa Sweden aliandika tasnifu yake kuhusu jinsi mimumunyo ya chumvi inavyopitisha umeme. Wakubwa wake wa chuo walimpa alama ya chini. Wazo lake kwamba chumvi hutengana kuwa ioni mara tu inapoingia majini, bila kusubiri umeme, ndilo lililompa Nobel ya Kemia mwaka 1903.

Mpwani_wa_Gongoni

Mimi natoka upande wa Malindi, kwetu mashamba ya chumvi ni jambo la kila siku. Swali langu: chumvi ya mabonge isiyosafishwa ikifika masika inalowa mpaka gunia linatiririka. Ya pakiti ya dukani hailowi hivyo. Zote si NaCl? Bondi ileile?

Mwl_Maabara

Mkuu, nimefurahi umeuliza. Maji ya bahari hayana sodiamu na kloridi tu. Yana magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu. Mnapoyaacha yakauke juani, kalsiamu kaboneti hutangulia kutulia, kisha jasi, halafu chumvi yenyewe. Magnesiamu hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho. Yasipomwagwa kwa wakati, au mabonge yasipooshwa, kloridi ya magnesiamu inabaki imejishika kwenye chumvi.

Sasa tumia tuliyojifunza. Na⁺ ina chaji moja na nusu kipenyo cha 102. Mg²⁺ ina chaji mbili na nusu kipenyo cha 72. Chaji mara mbili kwenye kiwiliwili kidogo zaidi: inavuta kwa nguvu kubwa upande hasi wa molekuli ya maji, ule wa oksijeni. Kloridi ya magnesiamu inanyonya unyevu hewani hadi inayeyuka ndani ya maji iliyoyavuta yenyewe. NaCl safi hailowi mpaka unyevu wa hewa upite kama asilimia 75. Kwa hiyo gunia lako linatiririka kwa kosa la magnesiamu.

Na ndiyo maana pia chumvi inayeyuka majini ilhali haiyeyuki kwa joto la jiko. Molekuli za maji zinaizunguka kila ioni, zinaing'oa ukingoni mwa fuwele, na mvutano wao unafidia ule wa fuwele. Gramu 36 hivi kwa kila mililita 100 za maji, halafu inagoma.

Mzee_wa_Jedwali

Wanafunzi msichukulie kwamba kila kampaundi ya ioni huyeyuka majini. Kloridi ya fedha karibu haiyeyuki kabisa, na kipimo cha kloridi cha maabara kinategemea hilo.

Tukiwa kwenye vitu vya nyumbani, mwalimu, waeleze na magadi. Wengi hudhani kampaundi ikiwa ya ioni basi kila bondi ndani yake ni ya ioni.

Mwl_Maabara

Kweli. Magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron ni trona, mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu pamoja na maji. Ioni ya kaboneti, CO₃²⁻, ina kaboni na oksijeni tatu zilizoshikana kwa kushirikiana elektroni. Hizo ni bondi kovalenti. Kundi zima lina chaji mbili hasi, na ndilo linalovutana na Na⁺. Ukiweka magadi kwenye maji ya maharage, sodiamu inaachana na kaboneti, lakini kaboni na oksijeni hazitengani.

Chuo_mwaka1

Mwalimu, sisi tulipewa kanuni ya tofauti ya uvutaji elektroni, ile namba ya kila elementi inayoonyesha inavuta elektroni za bondi kwa nguvu kiasi gani: ikizidi 1.7 ni ioni, ikipungua ni kovalenti. Naona ni rahisi kuliko haya yote.

Mwl_Maabara

Itumie kama dira, usiitumie kama sheria. Nakupa vitu viwili. Floridi ya haidrojeni: 3.98 toa 2.20, unapata 1.78. Kwa kanuni yako ni ya ioni. Iodidi ya sodiamu: 2.66 toa 0.93, unapata 1.73, chini kidogo ya ile ya kwanza. Nenda maabara. HF inachemka nyuzi 19.5, ni molekuli. NaI ni fuwele inayeyuka nyuzi 661. Tofauti zinakaribiana, vitu viko mbali kabisa.

Kuna mteremko kati ya kovalenti na ioni. Ioni chanya ndogo yenye chaji kubwa huvuta wingu la elektroni la jirani yake mpaka linapinda kuja upande wake, na hapo kugawana kunaanza. Ndiyo maana kloridi ya alumini, ingawa ni metali na si-metali, inageuka mvuke karibu nyuzi 180, na kwenye mvuke huo ni molekuli za Al₂Cl₆. Floridi ya alumini haifanyi hivyo hadi uipashe zaidi ya nyuzi 1200, kwa sababu floridi ni ndogo na haipindiki kirahisi. "Metali na si-metali ni ioni" ni mwanzo mzuri kwa kidato cha pili. Kidato cha tano uiache.

binti_kidato3

Mwalimu la mwisho. Kwenye mtihani wakisema chora nukta na misalaba ya kloridi ya magnesiamu, yaani mchoro unaoonyesha elektroni kwa alama hizo, nichoreje nisipoteze alama?

Mwl_Maabara

Chora ioni tatu, zisigusane. Mg katikati ndani ya mabano ya mraba, ganda la nje liwe tupu au uonyeshe nane za ndani, na 2+ juu kulia nje ya mabano. Kila upande wake Cl moja kwenye mabano yake, elektroni nane, saba kwa nukta na moja kwa msalaba ili ionekane imetoka kwenye Mg, na chaji − nje ya mabano. Wengi hupoteza alama kwa kusahau mabano na chaji, au kwa kuunganisha duara zikaingiliana kama za kovalenti. Wala usiandike Cl₂²⁻ kwenye bano moja. Kloridi hizo mbili hazijashikana.

Wakikuuliza "eleza bondi", sentensi yako ya mwisho iwe na neno mvutano, na itaje ioni zenye chaji tofauti.